Mkanda wa kupima ubongo, kutoka Tabata hadi Coco Beach: laki sita na ushee zinanunua nini?

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Huko nje mikanda ya aina hii inauzwa kama dola 250, kwa hiyo weka laki sita na ushee za kwetu, na kama huna mtu wa kukuwekea kwenye begi lake, ongeza usafirishaji na ushuru. Mimi nililetewa na mtoto wa kaka yangu aliyekuja likizo. Akanikabidhi boksi akasema, "Shangazi, si ulikuwa unapima watu ubongo hospitali? Haya, sasa jipime mwenyewe ukiwa njiani."

Kampuni sitaitaja. Ninayoyalalamikia hapa yanaikumba karibu mikanda yote ya jamii hii: ile myembamba ya kuvaa kichwani, yenye vihisio vinne vikavu, viwili kwenye paji la uso na viwili nyuma ya masikio, inayorusha data kwenye simu kwa Bluetooth. Programu yake inakupa alama mbili, moja ya umakini na nyingine ya utulivu, kuanzia sifuri hadi mia. Na kwenye boksi wameandika kwamba unaweza kujipima popote, hata ukiwa unatembea.

Hapo kwenye "unatembea" ndipo nilipocheka. Nimefanya kazi ya EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sentensi niliyoirudia kuliko zote maishani ni hii: tulia, usitafune, usikaze meno, legeza uso. Mgonjwa alikuja nywele zikiwa zimeoshwa, hazina mafuta. Tulimpima kichwa kwa futi kamba kuanzia bonde la juu ya pua hadi kile kinundu cha kisogoni, tukaweka alama za penseli, tukasugua ngozi, tukabandika elektrodi, vile vijisahani vya kunasa umeme, kwa jeli moja baada ya nyingine, ishirini na moja kwa kawaida. Kazi ya kuandaa ilikuwa ndefu kuliko kipimo chenyewe. Kisha chumba kinyamaze. Kisha mtu akohoe, na ukurasa mzima unachafuka.

Sababu yake ni ndogo sana, kwa maana halisi ya udogo. Umeme wa moyo ukiupima kifuani unapata kama milivolti moja. Wa ubongo, ukiupima juu ya ngozi ya kichwa, ni maikrovolti kumi hadi mia, yaani sehemu ya kumi ya ule wa moyo ukiwa na bahati, na sehemu ya mia ukikosa. Kupepesa jicho mara moja tu kunapita maikrovolti mia bila jasho. Misuli ya taya nayo ina kelele zake, na misuli hiyo imekaa hapohapo kwenye panja, jirani kabisa na vihisio vya mkanda huu. Kusoma ubongo wa mtu anayetembea ni kama kumsikiliza anayenong'ona huku konda amesimama kati yenu anaita abiria wa Mbagala Rangi Tatu.

Sasa niutendee haki. Mtihani wa kwanza niliupa nyumbani Tabata, hapa Dar, kibarazani, nimekaa kwenye kiti. Ni mtihani wa zamani: Hans Berger, daktari wa Jena kule Ujerumani, alirekodi EEG ya kwanza ya binadamu mwaka 1924 na kuitangaza mwaka 1929, na jambo aliloliona mapema ni kwamba mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi ya mara nane hadi kumi na tatu kwa sekunde yanajitokeza makubwa, na akifumbua yanafifia. Ndiyo hayo tunayoyaita alfa. Nikafumba macho. Vihisio vya nyuma ya masikio vikaleta alfa safi, ile yenyewe, unaitambua kama sauti ya jirani. Nikafumbua, ikaondoka. Nikafumba, ikarudi. Nakiri nilifurahi. Mashine niliyoanzia kazi ilikuwa na kalamu za wino na ilihitaji meza yake. Hii hapa inakaa mfukoni.

Ila ujue mambo mawili. Kwanza, alfa hiyo utaiona kwenye mawimbi ghafi, yaani yenyewe kabla hayajageuzwa kuwa alama, na programu iliyokuja na mkanda haikuonyeshi mawimbi ghafi. Inabidi ununue programu nyingine ya pembeni. Pili, ingia kwenye mipangilio ubadilishe kichujio cha umeme kutoka 60 kwenda 50. Mikanda iliyonunuliwa Marekani inakuja imepangwa kwa umeme wa Marekani. Umeme wetu wa Tanesco unatikisika mara hamsini kwa sekunde, na usipobadilisha, ukikaa karibu na friji au waya wa ukutani utadhani ubongo wako unaimba.

Kukaa, basi, umefaulu. Tutoke nje.

Coco Beach asubuhi ni mahali pazuri pa kuanzia: upepo, njia ya miguu kando ya Barabara ya Toure, wakimbiaji wanaoelekea Daraja la Tanzanite na kurudi. Nikavaa mkanda, juu yake nikafunga mtandio, nikaanza kutembea mwendo wa mtu mzima mwenye magoti yake. Alama ya umakini ikaporomoka. Programu ikanitumia ujumbe kwamba akili yangu inaelekea kusinzia, nijaribu kupumua kwa kina. Mimi huyu, niliyekuwa nakwepa baiskeli!

Nikafungua mawimbi ghafi na jibu likawa pale wazi. Mtu akitembea kawaida anakanyaga chini kama mara mbili kwa sekunde. Kila hatua inatikisa kichwa, kihisio kinasogea kidogo juu ya ngozi, na linatokea wimbi kubwa la polepole. Mawimbi ya chini ya mara nne kwa sekunde ndiyo delta, ambayo kwa mtu mzima ni ya usingizi mzito. Programu haijui habari za miguu. Imeona mawimbi ya polepole, ikaamua bibi analala.

Nilipochoka nikakaa kwa wauza mihogo. Wanaojua Coco wanajua: muhogo wa kukaanga, pilipili, ndimu, kachumbari. Mkanda nikausahau kichwani. Natafuna, natazama bahari, sina wazo hata moja la maana, simu ikatetema kunipongeza. Umakini tisini na kitu! Nikaacha kutafuna, ikashuka. Nikatafuna, ikapanda. Muhogo umekauka kidogo katikati ndio unapata alama nzuri zaidi.

Tuseme hili vizuri maana ndilo kiini cha tathmini yangu. Kampuni hazisemi hesabu yao ya umakini ikoje. Lakini ukiweka mawimbi ghafi pembeni ya alama unaona alama inapanda pale mawimbi ya haraka yanapoongezeka, yale ya juu ya mara kumi na tatu kwa sekunde, beta. Na misuli ya taya ikikaza inamwaga umeme wa haraka unaofunika eneo hilo lote la beta na kuvuka. Kifaa hakina njia ya kujua kama beta ile imetoka kwenye ubongo au kwenye muhogo. Bodaboda ndiyo ilimaliza ubishi. Kijana anayenibebaga, aliponiona nauweka chini ya helmeti, akauliza, "Shikamoo mama. Hiyo inasoma mawazo?" Nikamwambia marahaba mwanangu, inasoma meno. Kutoka Tabata Relini hadi Ilala Boma alama ilikaa juu kabisa, kwa sababu safari nzima nilikuwa nimeng'ata meno kwa hofu. Ukitaka unaweza kuniambia kwamba hofu nayo ni umakini. Sawa, lakini kilichopimwa ni taya.

Nenda nao Kariakoo ukitaka kucheka, usiende nao ukitaka kujipima. Mtaa wa Kongo hauna mwendo mmoja: unasimama, unajipinda, unapisha mkokoteni, unageuza shingo kwa sababu mtu amekushika mkono akuuzie shuka. Kila kugeuza shingo kunakaza misuli ya nyuma ya masikio, hapohapo vilipo vihisio. Mchoro ulikuwa takataka mwanzo hadi mwisho, na bado programu iliendelea kutoa alama bila haya, sitini na mbili, hamsini na nane, sabini. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote. Hospitali, mchoro ukichafuka tunaandika umechafuka. Kifaa cha laki sita kingeweza kuandika "sijui" kwenye kioo. Hakijafundishwa. Watu nao hawakunisaidia: mmoja akauliza kama ni dawa ya kipandauso, mwingine akamnong'oneza mwenzake mambo ya Freemason, na mimi nikashika pochi kwa mikono miwili maana nimetazamwa mno.

Mtu atasema, basi ubongo wa anayetembea haupimiki. Unapimika, na watu wameupima, ila si kwa njia hii. Mwaka 2012 kikundi cha Stefan Debener wa Oldenburg, Ujerumani, kilichukua kifaa cha bei nafuu cha EEG, kikakiunganisha na kofia ya elektrodi nzuri zaidi, kikawatembeza watu nje chuoni. Hawakutafuta alama ya umakini ya kila sekunde. Waliwachezea milio masikioni, mingi ya aina moja na michache tofauti, na kumtaka mtu aifuatilie ile michache. Mlio adimu ukitokea na mtu akiutambua, ubongo unatoa nundu ya umeme kama milisekunde mia tatu baadaye, inayoitwa P300, iliyoelezwa na Samuel Sutton na wenzake mwaka 1965. Kwa mlio mmoja huioni, imezama kwenye kelele. Ukijumlisha milio mingi ukaipatia wastani, hatua za miguu na kupepesa macho vinajifuta kwa sababu havifuati mlio, na nundu inabaki. Wale watu walipotembea nundu ilikuwa ndogo kuliko walipokaa. Hiyo ndiyo habari ya umakini: umegawanywa, sehemu imeenda barabarani.

Walionivutia zaidi ni wa Alberta, Kanada, maabara ya Kyle Mathewson, kwa sababu walitumia baiskeli. Kwanza wakawapandisha watu baiskeli iliyofungwa ndani ya chumba: kupiga pedali kwenyewe hakukuipunguza P300. Wakawatoa nje barabarani: ikapungua, na alfa nayo ikapungua. Yaani tatizo halikuwa miguu, lilikuwa ni barabara. Waliona pia majibu ya mapema ya ubongo kwa mlio yamebadilika, wakashuku ni kazi ya kuchuja kelele. Baadaye wakarudi ndani, wakacheza sauti za nje kwa spika, na mabadiliko kama yale yakatokea kwa mtu aliyekaa tu. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya fundi. Unatenga jambo moja moja mpaka uone lipi lina mkono wake.

Upo pia utafiti wa Edinburgh, Uskoti, wa Peter Aspinall na wenzake, ambao unatajwatajwa sana na wauzaji: watu walitembea dakika 25 kutoka mtaa wa maduka, kupitia bustani, hadi barabara yenye magari mengi, na kifaa kikaonyesha wametulia zaidi kwenye kijani. Sina ugomvi na miti. Lakini walikuwa watu 12, na majina kama "kufadhaika" na "kutafakari" yalitoka kwenye hesabu za ndani za waliotengeneza kifaa, ambazo aliye nje hawezi kuzikagua. Nimeshaona muhogo unafanya nini na hesabu za namna hiyo.

Nikataka kujaribu njia ya milio mwenyewe. Binti wa dada yangu anasoma kompyuta pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akaniandikia kiprogramu kinachocheza milio kwenye simu na kuandika saa ya kila mlio pembeni ya mawimbi. Inawezekana kwa mkanda mdogo: mwaka 2017 kikundi cha Olave Krigolson cha Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, kilionyesha kwamba mkanda wa vihisio vinne unaweza kutoa P300 kwa mtu aliyekaa. Kwetu pia, kibarazani, nundu ikaonekana. Hafifu, kwa sababu P300 ni kubwa zaidi katikati ya utosi na mkanda haufiki huko, na imetanuka, kwa sababu Bluetooth inachelewesha na ucheleweshaji wenyewe haulingani. Ila ipo. Binti akapiga makofi: "Ma'mkubwa, ubongo unafanya kazi!" Nikamwambia alikuwa na shaka gani.

Kando ya bahari, kwa mwendo wa taratibu, tulipata kitu kinachofanana na nundu, ambacho ningekuwa kazini nisingekitia sahihi. Mtaani kwenye watu hatukupata chochote. Na niseme neno kwa atakayeiga: tulitumia hedifoni ya sikio moja tu. Kuziba masikio yote mawili Dar, mahali ambapo bodaboda inapita juu ya njia ya miguu upande wa kulia na wa kushoto, ili tu upime kama uko makini, ni kutafuta kuvunjwa mguu.

Nywele. Hapa wanaume wanaoandika tathmini za vifaa hivi hawana la kusema, na sisi ndipo tunapokwama. Vya paji la uso havina shida, futa mafuta na poda kwa spiriti. Vya nyuma ya masikio vinataka ngozi tupu. Nikiwa nimesuka twende kilioni, vinakaa vizuri kabisa, mistari inaacha njia. Nikiwa na rasta, fundo la kwanza la nyuma ya sikio linauinua mkanda na ndiyo basi. Wigi sahau. Mafuta ya nazi ni adui. Hospitali tuliteseka na jambo hilihili. Elektrodi nyingi zimeundwa na watu waliokuwa wakifikiria nywele laini. Nilifurahi kusoma habari za Arnelle Etienne wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ambaye na wenzake walibuni vibanio vya elektrodi vinavyokaa kati ya mistari ya nywele zilizosukwa, yaani suko lenyewe linakuwa ndilo la kushikilia elektrodi. Msusi yeyote wa Sinza angewaambia hivyo wangemwuliza.

Wanaovaa hijabu wana faida, na hilo sikuliona limeandikwa popote. Mtandio ukifungwa vizuri unaubana mkanda, na mtikisiko wa hatua unapungua kwa kiasi unachokiona kwenye mchoro. Joto ndilo linakuja na adhabu yake. Jasho dogo la mwanzo linasaidia, maana vihisio vikavu vinapenda chumvi na unyevu. Baada ya hapo Dar ni Dar: jasho linatiririka, mchoro mzima unaanza kupanda na kushuka polepole, na vihisio viwili vya paji vinaunganishwa na maji mpaka vinasema kitu kimoja. Tembea kabla jua halijachomoza sawasawa au usitembee nao. Chaji haina tatizo, inavumilia asubuhi nzima na inabaki.

Nani anunue? Mwalimu wa fizikia au baiolojia, kwa moyo mmoja. Darasa zima likiona alfa inakuja na kuondoka kwa kufumba macho halitasahau. Mwanafunzi wa kompyuta anayetaka data ya kuchezea, naye anunue, bora awe na mtu wa kumkazia kwamba taya si ubongo. Anayetaka kukaa kimya jioni na kupumua, utamfaa, ingawa hilo ni bure hata bila mkanda. Kama unataka kujua umakini wako ukiwa unatembea, unaendesha au umepakiwa, usinunue. Kocha mmoja wa wakimbiaji alinifuata akitaka kuwavisha vijana wake ili awapange kwa alama. Nilimwonyesha muhogo.

Limebaki swali ninaloletewa na akina mama, na silichukulii utani: mtoto wangu anaanguka, nimnunulie hii badala ya kwenda hospitali? Hapana. Kifafa kinatafutwa kwa elektrodi zilizoenea kichwa kizima, pamoja na kupumua kwa nguvu na taa inayomwekamweka, pengine mtoto akiwa amenyimwa usingizi, na hata mchoro ukitoka safi kabisa bado daktari hawezi kusema hakuna kifafa mpaka asikilize historia yake. Vihisio vinne haviwezi hata kukaribia hapo, na mchoro uliochafuliwa na misuli unaweza kumtisha mzazi bure. Hizo laki sita ni nauli na vipimo. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa; na kama kuna mtu mwingine karibu, arekodi kwa simu kuanzia mwanzo, uso na mikono yote miwili ionekane. Faili la mkanda huu liache nyumbani. Hiyo video ndiyo uende nayo kwa daktari.